Mguu Mmoja, Mashua Mbili

"Yule Fidel wa Riyadh ana mguu mmoja kwenye mashua mbili," Bosi alisema, huku akichomoa mfupa wa samaki kwa vijiti. "Siku zitakapoachana ndipo atajua maji ni baridi."

Nekesa alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la supu ya figili. Supu haikumwagika. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi kiasi kwamba haikumsubiri yeye kuamua lolote.

Bosi alisema hayo kwa Kikantoni, lugha ya kwao Guangzhou. Yeye na mkewe waliiongea mezani bila kupunguza sauti, kwa sababu walijua mfanyakazi wao kutoka Kimilili anaelewa maneno matano tu: wali, chai, moto, haraka na asante.

Walikosea.

"Una hakika?" Madam aliuliza.

"Huu ni mwezi wa nne. Kila Ijumaa. Watu wamemwona."

"Na mchumba wake yuko hapa hapa, jikoni kwetu."

"Ndivyo ilivyo."

Nekesa aliweka supu mezani, akarudi jikoni, akafungua bomba na kuanza kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Fidel Ouma alikuwa kijana wa Busia aliyesomea ujenzi Guangzhou miaka minne. Alirudi Kenya na cheti na Kikantoni kizuri. Cheti hakikumpa kazi, Kikantoni kikampa. Bosi huyu, mfanyabiashara wa vigae, alimwajiri kuwa mkalimani na msimamizi wa ghala lake la Riyadh. Mwaka mmoja baadaye Fidel akamwombea mchumba wake kazi katika nyumba ya Bosi, mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah.

"Miaka miwili tu, babe," alimwambia wakati ule. "Tukitoka hapo, tunaoana."

Sasa ilikuwa inakwisha mitano. Yeye Riyadh, huyu Jeddah, kati yao jangwa la kilomita karibu elfu moja. Walionana mara mbili kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri.

Kikantoni Nekesa alikijua kwa sababu ya Fidel. Mwaka wa kwanza alimpigia simu akiwa amevimba kwa hasira.

"Fidel, leo Madam amenitukana. Ameniita mweusi."

"Amesema aje?"

"Hak min san. Hak si ni nyeusi? Wewe mwenyewe uliniambia."

Fidel alicheka mpaka akakohoa. "Wacha, Nekesa! Hiyo ni sanamu ya hekaluni kwao, mungu mwenye uso mweusi, amekunja sura. Wakikuita hivyo maana yake umenuna. Ulikuwa umenuna?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Basi uso wa kuchoka na wa kununa ni mmoja. Hawakukutukana."

Tangu siku hiyo ukawa ndio mchezo wao wa jioni. Fidel alimfundisha namna Wakantoni wanavyomsema mtu kwa tabia zake. Daai tau ha, kamba wa baharini mwenye kichwa kikubwa, ni mtu msahaulifu: kichwa kikubwa, ndani hamna kitu. Hau fa-fa, mdomo maua maua, ni mwanamume wa maneno matamu.

"Kama wewe," Nekesa alisema.

"Mimi ni ngaang geng. Shingo ngumu. Nikishika kitu siachi."

"Hiyo hata sisi tunayo."

"Watu ni wale wale, babe. Sasa sikia hii. Yat geuk daap leung syun. Mguu mmoja umekanyaga mashua mbili."

"Huyo ni nani?"

"Mwanamume mwenye wanawake wawili."

"Usiwahi kunifanya niitumie hiyo."

"Haki ya Mungu, Nekesa."

Maneno hayo ya tabia yakawa kama ndoano. Kila alipolisikia moja mezani, lilivuta na mengine yaliyokuwa pembeni yake. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anafuata mazungumzo yao mazima mazima. Hakumwambia mtu. Mwanzoni aliona haya. Baadaye alijikuta amesikia mengi mno kiasi cha kutoweza kusema.

Na sasa, akiwa ameinama juu ya ile sufuria safi, alikumbuka picha.

Wiki moja nyuma Roselyne, rafiki yake wa kutoka nyumbani aliyekuwa akifanya usafi hospitalini na kuishi mtaa wa Al-Mahjar, alimtumia picha kwa WhatsApp na maneno haya: "Dada, huyu si wako? Nimeitoa kwa status ya msichana anaitwa Eddah. Sitaki kukuchoma roho, lakini ningekuwa mimi ningetaka kujua."

Ilikuwa picha ya Fidel, amevaa kizibao cha manjano cha watu wa saiti. Begani kwake ameegemea msichana mwenye abaya na kofia ngumu, wote wawili wanacheka. Chini msichana ameandika: "Ijumaa na watu wangu," na mioyo mitatu myekundu.

Siku ile Nekesa alimuuliza Fidel, "Ijumaa ulikuwa wapi? Nilipiga hukupatikana."

"Nililala, babe. Simu ilikuwa kwa chaja."

Alijua ni uongo. Lakini alikuwa ameamka saa kumi na moja, amepiga pasi mashuka ya vitanda vinne, na nguvu aliyokuwa nayo ilimtosha kuuliza mara moja tu. Akasema, "Sawa."

Madam aliingia jikoni na vyombo viwili mkononi, jambo ambalo si kawaida yake. Yeye na Nekesa waliongea kwa ile lugha ya jikoni, Kiarabu nusu na Kiingereza nusu.

"Nekesa, Fidel anakwenda wapi siku ya Ijumaa?"

"Kwa nini, Madam?"

"Nauliza tu. Hakuambii?"

Nekesa alimtazama. Aliona mwanamke mwenzake anayemhurumia.

"Haniambii kitu. Ijumaa simu mafi, hakuna. Jioni ananiambia alilala." Alifuta mkono kwenye aproni, akatoa simu. "Tazama, Madam. Alilala hivi."

Madam alipokea simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaitazama kwa muda.

"Huyu msichana simjui," Nekesa alisema. "Unamwona vile anavyomwegemea?"

"Naona," Madam alisema polepole. "Nitumie hii."

"Ya nini?"

"Nimwonyeshe Bosi. Ataongea naye."

Nekesa akaituma. Aliona vema Fidel aulizwe na mtu anayemwogopa. Kisha akaketi kwenye kile kigoda cha kumenyea vitunguu, akaandika:

"Fidel nimejua. Mguu mmoja mashua mbili. Mimi nashuka kwa hii yangu. Usinipigie."

Majibu yakaja moja juu ya lingine.

"Babe unaongea nini?"

"Nekesa shika simu."

"NEKESA."

Alilaza simu kifudifudi juu ya mkebe wa unga, akaenda kuondoa mezani mifupa ya samaki.

Jumapili asubuhi alikuwa anapiga pasi mashati ya Bosi. Simu ilikuwa imetetemeka mara sita. Mara ya saba aliipokea kwa sababu tu alichoshwa na ule mtetemo.

"Nekesa, kabla hujakata," Fidel alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nimeitwa ofisini leo. Wananipa khuruji."

Mkono wa Nekesa ukasimama na pasi juu ya mgongo wa shati. Khuruji ni ule muhuri wa mwisho: unapelekwa nyumbani, na mambo yako halas, yamekwisha.

"Kwa nini?"

"Ju ya kazi nyingine. Nimekuwa nikifanya Ijumaa kwa Bwana Lo, yule wa lifti. Namtafsiria mafundi wake pale saiti. Alikuwa ameniahidi, nikimaliza miezi sita vizuri, ananihamisha kwake. Ofisi yake iko huko, Nekesa. Jeddah. Ningekuwa dakika ishirini kutoka kwako."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda. Nekesa akainua pasi. Shati la Bosi lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni.

"Kazi," alisema.

"Ni kazi, eeh. Wewe ulidhani ni nini? Ile meseji yako nimeisoma mara hamsini. Mashua gani mbili?"

"Bosi ndiye alisema. Mezani. Kwamba una mguu mmoja kwenye mashua mbili. Na wewe ulinifundisha hiyo ni ya mwanamume mwenye wanawake wawili!"

"Ni hiyo pia. Lakini mtu akitumikia matajiri wawili wanasema hivyo hivyo. Hata mwanasiasa akiwa na vyama viwili, wanamsema hivyo."

"Hukuniambia hiyo nusu."

"Tulikuwa tunacheza, Nekesa! Nilijuaje utaenda kuitegea sikio mezani?"

"Na Eddah ni nani?"

"Eddah umemtoa wapi sasa? Eddah ni wa mambo ya usalama pale saiti. Ameolewa, bwana yake ni dereva Dammam. Siku ile tulipiga picha watu kumi na wawili, yeye akakata akabakisha... Ngoja. Wewe umeionea wapi hiyo picha?"

Nekesa alichomoa pasi ukutani.

"Ju ndiyo hiyo hiyo nimewekewa mezani leo. Kizibao kina nembo ya Bwana Lo hapa kifuani, kubwa kama sahani. Bosi alikuwa anashuku tu, hakuwa na kitu. Sasa kuna mtu amempelekea picha. Nikimjua huyo mtu, Nekesa, haki..."

"Ni mimi."

"Umesema?"

"Ni mimi, Fidel. Nilimwonyesha Madam. Nilikuwa namwonyesha msichana. Yeye akaona kizibao."

Alisikia malori ya ghalani yakirudi kinyumenyume huko Riyadh, ile milio yao. Alisikia mtu akimwita Fidel kwa Kiarabu, na Fidel hakuitika.

"Miezi minne nimeficha hii kitu," alisema mwishowe. "Nimeificha kila mtu. Kumbe wa kunichoma ni wewe."

"Ungeniambia, Fidel. Mimi singekuwa kila mtu."

Simu ikakatika.

Siku mbili Fidel hakupiga wala hakuandika. Nekesa alipika, akafagia, akamwonyesha Madam lile shati lililoungua na kukemewa. Jumanne alimpigia Roselyne.

"Nataka kuongea na Bosi," alimwambia.

"Kwa lugha gani? Kile Kiarabu chako cha kuku na vitunguu?"

"Kwa lugha yake."

"Wewe unaijua?"

"Naijua."

"Basi usithubutu! Dada, nisikilize. Watu wakijua umekuwa ukiwasikia miaka yote hiyo, hawatakulaza kwa nyumba yao. Mwache Fidel aende nyumbani. Wewe maliza mkataba wako, umebakisha wiki saba."

"Mimi ndiye nilimfungia mlango, Roselyne."

"Na yeye ndiye alikudanganya amelala."

"Hilo pia ni kweli," Nekesa alisema. "Nimechoka kupima ni lipi zito."

Siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya friji. Bosi na Madam walikuwa bado mezani, wanakunywa chai. Alisimama mahali ambapo wageni husimama, si mahali pake pa kawaida karibu na mlango wa jikoni.

"Bosi," alisema. "Ngo sik teng."

Naelewa nikisikia.

Kikombe cha Madam kilibaki hewani. Bosi aligeuka kumtazama, kisha akamtazama mkewe, kana kwamba sauti imetoka kwenye ukuta.

"Unasema nini?"

"Nasema naelewa. Naomba nimalize, kwa sababu nikisimama katikati nitasahau maneno." Alivuta pumzi. Kikantoni kilimtoka kikiwa kimepinda, sauti za kupanda zikishuka na za kushuka zikipanda, lakini kilitoka. "Siku ile ulisema Fidel ana mguu mmoja kwenye mashua mbili. Mimi nikadhani ni wanawake. Nikaona wivu, nikampa Madam picha. Sikujua ni kazi. Nilielewa nusu ya neno, na kwa nusu hiyo nimemharibia mtu maisha."

"Amenidanganya," Bosi alisema.

"Amekudanganya. Na mimi amenidanganya. Lakini amewahi kukosa kazi yako siku moja? Ijumaa ni yake ya kupumzika. Yeye hakupumzika."

"Angekuja kwangu aniombe."

"Alikuja. Mara tatu. Alikuomba umhamishie duka la Jeddah. Mara ya kwanza ulisema baada ya mwaka mpya wenu. Mara ya pili ulisema utafikiria. Mara ya tatu ulisema, 'Kumbe uliwahi kuniomba?'" Nekesa alijua anakoelekea lakini mdomo ulikuwa umeshafika. "Bosi, yeye si mtu wa mashua mbili. Yeye ni shingo ngumu tu. Na wewe, nisamehe, kwa jambo hili wewe ni daai tau ha."

Bosi alishusha kikombe chake mezani. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mtu anayesahau miwani yake akiwa ameivaa, na mkewe alimwita jina hilo hilo karibu kila siku ya Mungu.

Lakini Madam hakuwa anamtazama mumewe. Alikuwa anamtazama Nekesa.

"Tangu lini?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza aliuliza kwa Kikantoni.

"Mwaka wa pili, Madam."

"Mwaka wa pili." Alirudia kama anayepiga hesabu ya vitu vilivyoibwa. "Nilipokuwa naongea na dada yangu kwa simu. Habari za nyumba hii. Habari zangu na huyu hapa."

"Ndiyo, Madam."

"Nililia mbele yako kwa sababu nilijua huelewi."

"Ndiyo maana nilinyamaza, Madam. Ningesema ninaelewa, ungelilia wapi?"

Madam alisimama, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Nekesa aliona ingekuwa afadhali angeubamiza.

Bosi alibaki na kikombe chake. Alikizungusha mezani, kushoto, kulia.

"Mara tatu?" aliuliza.

"Mara tatu, Bosi."

"Nenda," alisema. "Acha nifikiri." Kisha, akiwa amekunja uso, "Safari hii nitaandika."

Ijumaa Fidel alifika Jeddah kwa basi, baada ya saa kumi na tatu barabarani. Walikutana alasiri Al-Baghdadiyah, katika hoteli ndogo ya Wahabeshi nyuma ya maduka ya vitambaa, sehemu ya familia yenye pazia. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kutolala. Wakasalimiana kwa mkono kama watu wa kanisa moja.

"Bosi ameniachilia," alisema. "Khuruji ameifuta. Nahamia kwa Bwana Lo. Karatasi zitachukua wiki tano, sita."

"Alhamdulillahi, kama wanavyosema hapa."

"Anasema uliongea kama muuza samaki wa Guangzhou. Kila kitu kimepinda, na kila kitu kimeeleweka." Alijaribu kutabasamu. "Mimi sikujua, Nekesa. Nilidhani unajua yale maneno yetu tu."

"Hukuuliza."

"Wewe pia hukusema."

"Basi tuko sawa."

Chai ikaletwa. Hakuna aliyeigusa.

"Nisamehe ile picha," Nekesa alisema.

"Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka ni mimi nilikwambia nimelala." Alisugua uso kwa viganja. "Nilikuwa najiambia nitasema ikishakuwa mkononi. Unakumbuka ile Desemba? Tukamwambia mama yako naja, akapaka nyumba rangi. Ikavunjika. Pasaka tukamwambia tena. Ikavunjika. Mpaka leo mama yako hapokei simu yangu. Nikasema sitamwahidi mtu mara ya tatu."

"Kwa hivyo ukanificha habari njema."

"Nilikuwa naogopa ile 'sawa' yako."

"Sawa gani?"

"Ile unasema bila kuuliza kitu. Nikikwambia imeshindikana, unasema, 'Sawa.' Zamani ulikuwa unanigombeza mpaka simu inapata moto. Siku hizi ni 'sawa', halafu unauliza kama nimekula."

Nekesa alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa fupi, ngozi imekauka kwa sabuni ya vyombo.

"Kuna neno hukunifundisha," alisema. "Sam daam."

Fidel aliinua uso. "Nani amekufundisha hilo?"

"Madam. Hakujua ananifundisha. Alikuwa anamwambia dada yake kwa simu. Moyo umechujuka, hauna ladha. Siku ile nikajua ndilo neno langu. Moyo wangu haujavunjika, Fidel. Ukivunjika ungepiga kelele, ningejua. Huu umekuwa kama chai ya majani yale yale, umeichemsha mara ya tano."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya kungoja. Na wewe umekaa ndani ya kungoja humo humo. Sijui kuwatenganisha."

Fidel alinyoosha mkono mezani, akauacha hapo bila kumshika. Baada ya muda Nekesa aliweka wake juu.

"Basi tusingoje tena," Fidel alisema. "Nikihamia hapa..."

"Madam hataongeza mkataba wangu. Ameniambia jana. Hakunigombeza. Amesema hawezi tu kuongea ndani ya nyumba yake. Mwezi ujao tarehe kumi na nane naenda nyumbani."

Fidel alimtazama, akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia njiani. Akainamisha kichwa.

"Miaka mitano natafuta Jeddah," alisema. "Naipata, wewe unatoka."

"Usilie hapa, watu wanakula."

"Silii."

"Mimi sijakukasirikia. Lakini sihesabu miezi tena. Naenda kwa mama nikalale. Ukitaka kuoa, Kimilili unapajua."

"Hiyo ni kwaheri?"

"Nimekuonyesha njia. Mengine ni yako." Akamsogezea glasi. "Kunywa chai. Umekula?"

Asubuhi ya kuondoka, Madam alikuja jikoni. Hakuwa ameongea naye zaidi ya maagizo kwa wiki nyingi. Alisimama mlangoni, akaongea Kikantoni, taratibu, kama mtu anayemwongelesha mgeni wa heshima.

"Dada yangu anasema ningepaswa kukushukuru. Kwa kunyamaza."

"Si lazima, Madam."

"Bado siwezi. Labda mwakani."

"Sawa, Madam."

Madam alimpa mfuko wa majani ya chai, akageuka haraka.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa mahujaji wa umra na wafanyakazi wanaorudi makwao, masanduku yamefungwa kamba mpaka yakafanana na magunia. Nekesa alisimama kwenye foleni ya Nairobi, begi limemkata bega. Katika wiki zile zote Fidel alikuwa akipiga simu kila jioni, lakini juu ya safari yake mwenyewe hakuahidi kitu, na Nekesa hakuuliza. Alikuwa amesema kweli kule hotelini. Alitaka kitanda tu.

"Samahani, dada. Hii ni foleni ya Kimilili?"

Aligeuka. Fidel alikuwa amevaa suti ya kijivu isiyomtosha mabegani, mkononi ana sanduku dogo na pasipoti.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasafiri. Nilimwambia Bwana Lo, kabla sijaanza kazi nina safari. Akauliza safari ya nini. Nikamwambia naenda kuoa. Amenipa wiki tatu."

Foleni ikasogea, Nekesa akasogea nayo.

"Ni wiki tatu tu," Fidel aliendelea, akimfuata. "Tiketi ni ya kwenda na kurudi, sitakudanganya. Nikirudi, naanza kutafuta njia ya wewe kuja kwa jina langu, si kwa jina la jikoni la mtu. Ikishindikana, mimi ndiye nitarudi nyumbani, nikauze hata simiti. Na mama yako amepokea simu."

"Mama amepokea?"

"Mara ya tisa. Amesema hapaki rangi kitu mpaka anione kwa macho. Kaka yangu ameenda kwa pasta wa kwenu, majina yetu yametangazwa kanisani Jumapili mbili."

"Mmetangaza jina langu bila kuniuliza?"

"Mama yako alisema hivyo hivyo. Nikamwambia nitamuuliza kabla hajapanda ndege." Watu wawili mbele walikuwa wamegeuka, na mama mmoja wa Kisomali alikuwa ameacha kabisa kuficha kwamba anasikiliza. "Ndiyo nakuuliza. Nekesa, utaolewa na mimi? Sina Kikantoni cha kusema hii. Nakuuliza tu."

"Yalla, yalla!" mzee mmoja alisema nyuma yao. Foleni ilikuwa imesonga tena, wao wameziba njia.

Nekesa alimtazama yule mwanamume: suti ya kuazima, shingo ngumu, macho ya mtu ambaye kweli hakuwa amelala. Alitafuta ile furaha ambayo wasichana huipata wakiulizwa, ile ya kupiga kelele. Hakuipata. Alichokipata kilikuwa kidogo na kimetulia, kama joto la kikombe mkononi. Akaona kinatosha kuanzia.

Akavua begi begani, akamkabidhi.

"Shika hili."

"Hilo ni jibu?"

"Shika begi, Fidel. Limenichosha."

Fidel alilipokea, likamvuta chini mpaka akayumba. "Umeweka nini humu?"

"Sufuria. Na blanketi la mama."

Mama wa Kisomali akacheka kwa sauti. Walipofika mbele, kijana wa kaunta alipokea pasipoti ya Nekesa, akatazama skrini, kisha akamtazama mwanamume aliyesimama nyuma yake akihema na mabegi mawili.

"Mko pamoja?" aliuliza.

Fidel hakuthubutu kujibu. Alimwangalia Nekesa.

"Tuko pamoja," Nekesa akasema. "Tupe viti vya karibu. Na mimi unipe cha dirishani, nataka kulala."